Kabla hujampanda, mbishie hodi

Fimbo saba. Naikumbuka idadi kwa sababu mmoja wa watoto alikuwa akizihesabu kwa sauti. Ilikuwa 2019, ufukweni Shangani, Mtwara, maji yamekupwa, nami nilikuwa nampiga Kusi, farasi jike wa rangi ya hudhurungi niliyekuja naye kutoka Arusha. Alikuwa amesimama katikati ya somo, hataki kuinua mguu. Nilimshusha mtoto aliyekuwa mgongoni, nikapanda mwenyewe, nikampiga mpaka akatembea. Kisha nikawageukia wanafunzi wangu wanne nikawaambia, "Mmeona? Farasi akishajua wewe laini, kwisha habari yako."

Wakaitikia, "Ndiyo, Mwalimu."

Kila nikipata ujumbe kutoka kwa mtu wa Lindi au Masasi anayetaka kufuga farasi, au punda wa kupanda, swali huwa lilelile: nifanyeje ili anitii? Nalijibu hapa kwa urefu, maana swali hilo nililibeba mimi mwenyewe miaka mingi, na ndilo lililonifanya nimuumize mnyama ninayempenda.

Mimi ni mzaliwa wa Mikindani. Utotoni nilijua mbuzi, kuku na bata. Farasi nilimwona kwenye picha. Nilipofika Usa River, Arusha, kutafuta riziki nilikuwa na miaka 22, na kazi niliyopata ilikuwa ya usaisi: kuzoa kinyesi, kuchota maji, kusugua kwato, kupiga brashi farasi kumi kabla jua halijapanda. Baada ya miaka miwili nikaruhusiwa kupanda, baadaye kufundisha watoto. Aliyenifunza alikuwa hodari, sitamnyima sifa yake, lakini fundisho lake lilikuwa moja: usimwachie farasi ashinde. Akigoma, mpige. Akitikisa kichwa, vuta vigwe. Akitoka shoti, vuta zaidi. Nikalimeza fundisho hilo zima zima, na nilipoanza kufundisha nikawa nawakaripia watoto na farasi kwa pumzi moja.

Palikuwa na saisi mwingine pale, mzee wa umri wa babu yangu, ambaye hatukuwahi kumwona juu ya farasi. Kila asubuhi alisimama kwenye mlango wa banda, mikono chini, asiingie. Farasi akigeuza sikio moja kumwelekea, ndipo alipopiga hatua. Siku moja nikamuuliza, "Babu, unangoja nini?" Akasema, "Nabisha hodi, mjukuu wangu." Niliona anachelewesha kazi, nikachukua ndoo yangu nikapita.

Nilirudi nyumbani na farasi wawili, Kusi na Bamvua, kwa lori, siku tatu njiani. Tulipolivuka Daraja la Mkapa pale Rufiji nilishuka nikawanywesha maji, nikajiona nimefika. Nilikuwa na mpango mzuri: kufundisha watoto wa Mtwara kupanda, na kutembeza wageni ufukweni na vijijini.

Ndani ya miezi mitano Kusi alikonda. Nikasema ni joto la pwani. Akaanza kujikwaa, nikasema mvivu. Nikimkaza mkanda wa tumbo anageuza shingo kutaka kuuma. Nikasema ana kiburi. Mkia unapigapiga, masikio yamelala nyuma, nami nawaambia watoto kwamba huyu anatujaribu. Yatazame vizuri maneno hayo: mvivu, kiburi, anatujaribu. Yote ni hukumu. Hakuna hata moja linalouliza kitu.

Siku mbili baada ya zile fimbo saba nilimvua tandiko mchana, na jua likamulika mgongo wake upande upande. Jasho lilikuwa limemlowesha kote isipokuwa mabaka mawili makavu, kila moja kama kiganja changu, kushoto na kulia mwa nundu ya mabega. Tandiko linapogandamiza mahali pamoja kwa nguvu mno, jasho hapo halitoki. Niliminya kwa vidole viwili tu. Mgongo ukazama chini ya mkono wangu, akapiga kwato ardhini. Alikuwa amekonda, misuli ya mabega imeisha, na tandiko lililomkaa vizuri kule Usa River sasa lilikuwa limeshuka na kukalia mfupa.

Nikamwita daktari wa mifugo. Alimfunua mdomo, ufizi umepauka. Akachukua damu, na majibu yakawa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, ambao vijidudu vyake hukaa kwenye damu na kummaliza mnyama nguvu polepole. Nilikuwa nimempitisha mara kadhaa kwenye vichaka tukielekea bara na wageni. Kwa hiyo mnyama asiye na damu ya kutosha, mwenye chuma na ngozi vinavyomkata mgongoni kila mtoto anapokaa, nilimpiga kwa kosa la kushindwa kutembea.

Mikindani kuna nyumba ya zamani yenye kibao kinachosema kwamba David Livingstone anasadikiwa kukaa hapo mwaka 1866. Nimepita mbele ya kibao kile maisha yangu yote. Watu huzungumzia safari yake ya mwisho, lakini mimi siku hizi nawafikiria wanyama. Machi ya mwaka huo aliteremka kwenye ghuba yetu na ngamia 6, nyati 3 wa kufugwa na ndama mmoja, baghala 2 na punda 4. Mojawapo ya nia zake ilikuwa kupima kama wanyama hao wangestahimili mbung'o. Wakaelekea bonde la Ruvuma, na katika shajara yake alilalamika tena na tena kwamba askari wa Kihindi aliokuwa nao wanawapiga wanyama na kuwabebesha kupita kiasi, ngamia wana majeraha ya fimbo. Wakafa mmoja baada ya mwingine. Sasa, mnyama aliyepigwa, aliyebebeshwa, asiyepumzishwa, na tena akaumwa na mbung'o, utajuaje kilichomuua? Fimbo huziba masikio ya anayeipiga. Ndivyo ilivyonitokea mimi, kilomita chache kutoka kwenye kibao kile, miaka 153 baadaye.

Kusi alitibiwa, akapumzika miezi minne bila kupandwa. Kipato kilishuka sana, Bamvua peke yake hawezi kubeba darasa zima. Mimi nikawa sina kazi jioni, nikageuza ndoo nikaikalia ndani ya banda. Sikuwa na mpango wowote wa kujifunza. Nilikuwa na aibu tu, na sikutaka kumwacha peke yake.

Miezi ile minne ilinifundisha kuliko miaka yote ya juu ya tandiko. Niligundua kwamba farasi halali hovyo. Anaweza kusinzia amesimama, lakini usingizi mzito kabisa anaupata akiwa amelala chini, na halali chini asipojiona salama. Kusi alilala tu Bamvua akiwa amesimama kando, kichwa juu, kama mlinzi. Wiki ya tatu Bamvua alikuwa nje anakula, nami nipo kwenye ndoo yangu. Kusi alinitazama, akazunguka mara mbili, akakunja magoti akalala. Nilikaa pale bila kujikuna hata mbu waliponila. Kazi ile ya ulinzi nilikuwa sijawahi kupewa.

Nieleze sasa ninavyofanya, kwa yeyote anayetaka kuanza.

Ninapofika simwendei farasi moja kwa moja kutoka mbele wala kutoka nyuma. Macho yake yako pembeni mwa kichwa na anaona karibu duara lote, lakini pale karibu na paji lake la uso na pale nyuma ya mkia haoni. Naenda kwa upande, kuelekea bega, nasimama hatua tatu kabla, natoa pumzi. Nangoja sikio. Likigeuka, naendelea. Lisipogeuka, nabaki pale. Kuna asubuhi nimesimama dakika kumi. Hiyo ndiyo hodi ya yule babu, na mwenye nyumba ana haki ya kuchelewa kuitikia.

Kisha nampima. Farasi mzima aliyetulia moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, hupumua mara 8 hadi 16, na joto lake huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Nimenunua kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa, nina daftari la kurasa 96, naandika kila siku. Naangalia ufizi: uwe wa waridi. Napitisha kiganja mgongoni mwote kabla ya tandiko na baada ya tandiko, nikitafuta mahali anaposhtuka. Manyoya meupe yakichipua mahali pa tandiko ambapo zamani hayakuwapo, hapo paliwahi kuumia. Kusi anayo mabaka mawili meupe mpaka leo. Watoto huuliza ni nini, nami huwaambia.

Yupo daktari wa farasi wa Uingereza, Sue Dyson, ambaye mwaka 2018 yeye na wenzake walitoa orodha ya tabia 24 za farasi aliyepandwa: masikio kulala nyuma kwa sekunde tano au zaidi, mdomo kubaki wazi, mkia kupigapiga, kujikwaa, kukataa kwenda mbele na nyinginezo. Farasi akionyesha nane au zaidi, uwezekano ni mkubwa kwamba ana maumivu ya misuli au mifupa. Nilipoisoma orodha ile mara ya kwanza niliifunika simu nikatoka nje. Kusi alikuwa ananionyesha zaidi ya kumi, na kila moja nilikuwa nimeipa jina la tabia mbaya.

Tumbo nalo lisahaulike vipi! Zamani nilikuwa namfunga farasi tangu saa sita mchana bila majani, ili somo la saa kumi asiwe mzito. Farasi ameumbwa kula kidogo kidogo karibu kutwa nzima. Tumbo lake hutoa tindikali wakati wote, awe amekula au hajala, na mate yanayoipoza hutoka tu anapotafuna. Kumfunga njaa na kumkimbiza ni kumchemshia vidonda tumboni. Siku hizi anapata ukoka au majani mengine makavu dakika ishirini kabla ya tandiko. Pumba za mahindi kidogo, chumvi ya jiwe, maji wakati wote. Na msimu wa korosho angalia mabibo yaliyodondoka: farasi anayapenda, nayo huchacha juani. Mimi nimezungushia uzio.

Lakini jambo lililo gumu kuliko yote halihusu farasi. Linahusu mwili wa anayempanda.

Mwanzoni mwa karne iliyopita kule Berlin alikuwapo farasi aliyeitwa Hans, ambaye bwana wake, Wilhelm von Osten, aliamini amemfundisha hesabu. Ukimuuliza jumla ya namba mbili anapiga kwato mpaka jibu, anasimama. Watu walifurika. Mwaka 1904 wataalamu wakamchunguza wasione udanganyifu wowote. Aliyekuja kutegua kitendawili ni Oskar Pfungst, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1907: Hans alipata jibu pale tu muulizaji alipokuwa analijua, na alipomwona. Alikuwa anasoma mwili wa muulizaji, kichwa kinavyoinama kidogo, kinavyoinuka kidogo kwato zinapofikia idadi, mambo ambayo muulizaji mwenyewe hakujua anayafanya. Watu wengi wakimsikia Hans husema, kumbe hakujua hesabu. Mimi kila nikimfikiria nanyong'onyea kwa heshima. Mnyama yule alikuwa anawasoma watu kwa undani ambao wao wenyewe hawakuweza kujisoma.

Na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex waliwaonyesha farasi picha za nyuso za watu wasiowajua. Walipoona uso wa hasira, mapigo ya moyo yalipanda haraka zaidi, nao wakageuza kichwa kuutazama zaidi kwa jicho la kushoto. Picha tu! Sasa mimi niliyekuwa naingia bandani na hasira ya deni la mashudu, nikimkaripia mtoto, nikivuta mkanda kwa nguvu, nilitarajia nini?

Nina mwanafunzi mmoja, binti wa miaka 11, ambaye kila akifika kwenye kona ya uwanja iliyo karibu na mwembe, farasi husimama. Zamani ningesema piga teke. Nilimtazama mara tatu nikaona mabega yake yanapanda masikioni kabla hata hawajafika konani: anabana pumzi. Alikuwa ameanguka pale wiki iliyotangulia. Nikamwambia asifanye lolote, aimbe tu. Akaanza kuimba kwa sauti ndogo wimbo wa mchezo wa kamba, na huwezi kuimba ukiwa umebana pumzi. Bamvua akaipita kona ile kama haipo. Binti akaniuliza, "Mwalimu, amejuaje?" Nikamwambia ngozi ya farasi inamhisi nzi akitua, seuze mapaja yako yakikakamaa.

Ndiyo maana pia nimeacha kuwafundisha watoto kupiga mateke mfululizo. Mguu unagusa taratibu, kama mtu anayegusa bega la mwenzake kumwamsha, na farasi akiitikia hata kwa nusu hatua, mguu unaachia papo hapo. Kinachomfundisha ni kule kuachia. Ukiendelea kubana baada ya kuitikiwa, umemwambia kwamba kuitikia hakuna faida, na baada ya mwezi utakuwa na farasi mwenye mbavu za gogo na wewe utatafuta fimbo.

Masomo matatu ya kwanza kwangu hayana kupanda. Mtoto anabisha hodi, anapiga brashi, anasafisha kwato, anamwongoza farasi kwa kamba iliyolegea, na anakaa kwenye ndoo robo saa akitazama na kunieleza alichokiona. Mama mmoja alinifuata akiwa amekasirika kweli: "Dada, mimi nimelipia mwanangu apande farasi, sikulipia aoshe zizi." Nilimwelewa. Fedha ni ngumu, na mimi mwenyewe ningeuliza. Nikamkaribisha akae kwenye ndoo ya pili, kando ya mwanawe. Mtoto akawa anamnong'oneza, "Mama, usimwangalie hivyo machoni, geuka kidogo. Sasa toa pumzi." Mama akatoa pumzi. Kusi akashusha kichwa, akaramba midomo. Hakusema kitu yule mama, ila Jumamosi iliyofuata alimleta na mdogo wake.

Uzito nao nauangalia bila kuona haya. Mpandaji pamoja na tandiko wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Kusi ana kilo 430 hivi, kwa hiyo kilo 86 ndiyo mwisho wake, na siku za joto nashusha. Kuna wageni wamenuna kwa hilo. Natembea nao kwa miguu, farasi kati yetu, na wengine wamesema hiyo ndiyo ilikuwa sehemu bora ya safari yao.

Kwa walioko huku Kusini, yapo mambo ya kwetu ambayo hayamo katika mafundisho ya Arusha. Panda kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, basi kitambaa cha chini ya tandiko kiwe cheupe au cha kaki; mimi nilikuwa natumia cha buluu. Usimpeleke farasi vichakani kwa ajili ya fedha ya mgeni. Akikonda, damu ipimwe kwanza, usinunue sindano dukani kwa kubahatisha. Muingize ndani kabla ya magharibi, kwa kuwa usubi wanaotoka jioni ndio wanaoeneza tauni ya farasi, na ugonjwa huo ukishika haukupi muda. Ufukweni, jua maji: mchanga mgumu ni wa wakati wa kupwa, saa ya kupwa husogea kama dakika 50 kila siku, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari hurudi kwa haraka na mbali. Kaa mbali na tope la mikoko. Farasi akikataa tope, geuka naye.

Mwezi uliopita nilikuwa na mgeni mmoja, tumepanga mwendo wa saa nzima. Nilimpima Kusi alfajiri, kila kitu sawa. Nikampapasa mgongo, sawa. Tandiko jipya linamkaa vizuri. Tulipofika kwenye minazi miwili ya mwisho kabla ya mchanga akasimama. Hakuweka masikio nyuma, hakupiga mkia, alisimama tu na kutazama baharini. Niligusa kwa mguu, nikaachia. Nikangoja. Niligusa tena.

Nikashuka. Nikamwambia mgeni kwamba leo Kusi hatoki, nikamrudishia elfu thelathini yake, naye akaipokea bila neno. Tulirudi nyumbani kwa miguu, kamba imelegea, Kusi akichuma majani njiani. Nilimpima tena joto, nikakagua kwato zote nne, nikaminya mgongo, sikuona kitu. Nikaandika kwenye daftari: "Jumanne. 37.9. Ufizi mzuri. Hakutaka." Kisha nikaenda kumfungulia Bamvua.